Pua Ndefu, Sikio Refu

Mpwa wangu ana daftari la kurasa 96 ambalo jalada lake limeshang'oka. Ndani yake amemwondoa dikidiki mara mbili, sungura mara moja, na kobe amemwacha njiani bila maelezo yoyote. Alikuwa anatafuta kiumbe kidogo cha kuandamana na wasichana wawili katika hadithi ambayo si yake, na kila alipoona huyu hafai, alimpiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika tarehe pembeni. Nimeihesabu mistari hiyo: ni tisa. Kazi ilimla likizo nzima ya Agosti na kipande cha muhula wa tatu, na mimi ninayeandika makala kwa siku mbili nimeona haya kidogo.

Hadithi yenyewe ni ya Dhegdheer. Kwa msomaji ambaye hakulelewa na ayeeyo, bibi wa Kisomali: Dhegdheer ni mwanamke mla watu, na jina lake ndilo umbo lake. Dheg ni sikio, dheer ni refu. Kwa sikio hilo husikia nyayo za aliye mbali kabisa, na wasimulizi wengi husema bonde alilokaa lilikauka kwa sababu yake, mvua ikarudi siku alipokufa. Watoto wa kwetu Masalani, nchini Kenya, huisikia wakiwa bado hawajajua kufunga vifungo vya shati. Mama yangu aliisimulia kwangu, kisha kwa mpwa wangu, na sasa anaisimulia kwa wadogo wake, kila mara kwa sauti ileile ya chini, kana kwamba sikio liko nje ya dirisha.

Vijana siku hizi wana mchezo wa kuandika hadithi za mashabiki. Unauchukua ulimwengu uliojengwa na mtu mwingine, unaingia na kuongeza chumba chako. Wenzake darasani wanaongeza vyumba kwenye shule ya uchawi ya Hogwarts. Yeye akaenda kwa Dhegdheer, nami nikamuuliza kwa nini.

"Abti," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili, "Hogwarts wana bundi wao. Huku kwa Dhegdheer hakuna hata panya."

Ni kweli. Nilipoifikiria upya ile hadithi niliyoijua miaka arobaini, nikaona ilivyo tupu: mla watu, wasichana wanaokimbia, bonde kavu. Hakuna kijinyama hata kimoja. Watu wa hadithi za mashabiki wana neno la kiumbe kama hicho, wanamwita maskoti, na mimi nilidhani kazi yake ni kupendeza tu, kama kidubwana kinachoning'inia kwenye kioo cha matatu. Nilikaa nikimtazama mtoto wa miaka kumi na sita akifanya kazi, na dhana yangu ikaenda na maji.

Mtu wa nje angemaliza mambo kwa dakika tano. Masalani iko karibu na hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, na Ishaqbini dunia inaijua kwa wanyama wawili. Kuna hirola, swala ambaye amebaki chini ya 500 porini kote duniani, mwenye tezi kubwa mbele ya macho zinazomfanya aonekane ana macho manne. Na kuna twiga weupe waliopigwa picha mwaka 2017 na kuzunguka dunia nzima kwenye simu, kisha mwaka 2020 ikathibitishwa kwamba jike na ndama wake wameuawa, akabaki dume mmoja. Nilimpendekezea hirola. Aliniangalia kwa heshima, jinsi watoto wanavyomwangalia mtu mzima aliyesema jambo la kipuuzi.

"Abti, huyo ana kilo zaidi ya sabini. Nani atamficha?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba anapima. Alikuwa tayari amekwenda dukani kuomba apimiwe sukari gramu 60, si nusu kilo, si robo. Mwenye duka alicheka lakini akampimia. Akaifunga sukari ile kwenye kona ya garbasaar, ule ushungi mpana wanaojitanda dada zetu, akaitupia begani na kukimbia kuzunguka uwanja wa nyumba mara tatu, aone kama inayumba, kama inavuta shingo, kama msichana anayekimbia gizani angesahau kwamba amebeba kitu. Baadaye alirudia kwa robo kilo, kisha kwa chupa ya maji ya lita moja. Kwenye daftari kuna jedwali dogo: uzito, bega lipi, mizunguko mingapi kabla ya kuchoka. Chini ya lita moja ameandika neno moja la Kisomali ambalo sitalitafsiri.

Kwa kipimo hicho dikidiki alianguka mapema, ingawa ndiye aliyekuwa kipenzi. Sisi tunamwita sagaaro. Ana kilo nne au tano tu, macho kama ya mtoto aliyenyimwa chai, na dume na jike wake hukaa pamoja maisha yote katika eneo moja, wakilitia alama kwa kugusisha kijiti kwenye tezi iliyo chini ya jicho. Maji ya kunywa hayamshughulishi sana, umande na majani vinamtosha, kwa hiyo bonde kavu la Dhegdheer lisingemuua. Mpwa wangu alimrudisha mara ya pili kwa sababu ya hilo. Aliyemwondoa mara ya pili alikuwa dikidiki mwenyewe. Anaposhtuka hutoa mlio mkali kwa pua, zik-zik, kila mnyama wa jirani akajua kuna hatari, na wawindaji humchukia kwa hilo.

Mstari mwekundu wa mara ya pili umepigwa kwa nguvu hadi karatasi imechanika, na pembeni ameandika: *sauti*.

Kuanzia ukurasa huo daftari linabadilika. Kabla yake alikuwa akiuliza nani anapendeza, nani ni mdogo, nani anapatikana kwetu. Baada yake anauliza ulimwengu huu unaendeshwa na nini. Katika nchi ya Dhegdheer kila kitu ni kusikika. Anayesikika huliwa, asiyesikika huishi. Basi kiumbe wa kuingizwa humo lazima apimwe kwa sikio kwanza, na urembo ungoje.

Kwa kipimo hicho kipya alirudi kwenye orodha yake yote na kuanza upya. Nimewaona waandishi wenye vitabu madukani wasiokuwa na moyo wa kufanya hivyo.

Sungura alitoka bila kelele. Amechoka, masikini, kuanzia Unguja hadi Malawi amefanyishwa kazi ya ujanja karne nyingi, na akiingia tu kwenye hadithi kila msomaji anajua atashinda. Dawaco, yule mbweha wa hadithi zetu, alikaa kurasa mbili. Ndiye aliyegawa nyama mbele ya simba baada ya fisi kugawa vibaya na kung'olewa jicho. Dawaco alimpa simba karibu nyama yote, na alipoulizwa nani kamfundisha hekima hiyo, akalitaja jicho la fisi. Mpwa wangu anaipenda sana hadithi hiyo. Ila aliandika kwamba dawaco hujiokoa mwenyewe. Hamwokoi mtu.

Kisha akaja hudihudi, na hapa bibi aliingilia. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka akisikiliza mabishano yetu, akasema kwamba kama mnataka kiumbe kidogo anayemsaidia mkubwa, mbona mnahangaika. Nabii Sulemani alikuwa na majeshi ya watu, majini na ndege, na bado habari za malkia wa Saba aliletewa na hudihudi, ndege mwenye kishungi anayetosha kiganjani, aliyekuwa amejua jambo asilolijua mfalme. Hiyo iko katika Sura ya Chungu, sura ya Qurani iliyopewa jina la mdudu. Sijasikia mhakiki yeyote aliyeieleza kazi ya kiumbe kidogo vizuri kuliko mama yangu pale mkekani: mdogo huingia kwa sababu anajua, au anafika, pasipofikiwa na mkubwa.

Mjukuu alikubali yote na bado akakataa kumtumia. "Huyo yuko kwenye Kitabu, ayeeyo. Siwezi kumwazima nikampeleka kwa mla watu." Bibi alinyamaza, na kwa mama yangu kunyamaza ni cheti.

Aliyefuata alinichekesha: fuko asiye na manyoya. Ni mnyama wa udongo wetu kabisa, wa Somalia, Ethiopia na Kenya kavu, anayeishi chini ya ardhi katika makundi yenye malkia mmoja, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, umri ambao panya wa kawaida hauoti. Watafiti walitangaza mwaka 2021 kwamba kila kundi lina lafudhi yake, na mgeni mwenye lafudhi ngeni hutambulika. Zaidi ya hayo, amekwisha kuwa maskoti. Disney walimweka kwenye katuni ya Kim Possible kuanzia mwaka 2002, akiitwa Rufus, akikaa mfukoni mwa kijana wa Kimarekani. Mpwa wangu aliona ni haki yetu kumrudisha nyumbani. Alimwandikia kurasa nne nzuri, halafu akagundua kwamba fuko hana safari. Uhai wake wote ni shimo na malkia. Ukimtoa humo si fuko tena. Wamarekani walimtoa, na kwa kweli Rufus wao ana tabia za kijana wa Kimarekani mwenye meno marefu.

Mlembe ndiye aliyekaribia kushinda. Ni yule ndege anayeongoza watu kwenye asali. Anaruka mbele yako, anatua, analia, anangoja ufike, mpaka mzingani. Mkishavunja, yeye anakula nta na mabuu. Mwaka 1989 Hussein Isack, mtafiti wa Kikenya, akiwa na H.-U. Reyer, walichapisha vipimo vyao kutoka kaskazini mwa Kenya: katika eneo geni mtu asiye na ndege alihitaji kwa wastani saa 8.9 kupata mzinga, na mwenye ndege saa 3.2. Waboni wa msituni nao ni watu wa asali tangu zamani. Mpwa wangu alipenda kwamba mlembe hafanyi kazi bure, ana ujira wake. Msaidizi asiye na haja yake mwenyewe, aliniambia, ni mtumwa, na mtumwa hapendezi kwenye hadithi.

Hapo nilimkumbusha kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikikusanya Unguja na kukichapisha London mwaka 1870. Maskini anayepekua jaa kutafuta punje za mtama anapata sarafu, ananunua paa, na paa yule anamtafutia almasi, nguo, mke na nyumba. Kisha bwana, akishashiba, anamtupa paa alipougua. Tangu zamani, basi, katika hadithi zetu za Kiswahili kijinyama ni mizani ya kumpimia mwenye kutembea naye. Mpwa wangu alisikiliza, akauliza kama paa yule alikuwa na haja yoyote yake mwenyewe. Nikafikiri. Nikasema alitaka kutendewa wema tu. "Basi," akasema, "ndiyo maana kinauma." Na akaendelea kuandika.

Mlembe alipigwa mstari kwa sababu anapiga kelele njia nzima.

Natoka nje ya mada kidogo, lakini si mbali. Walipopiga filamu ya The Last Jedi kwenye kisiwa cha Skellig Michael, Ayalandi, kisiwa kilijaa ndege wa baharini wenye midomo ya rangi, ndege wanaolindwa, walioingia katika kila picha. Kuwafukuza haikuwezekana, na kuwafuta mmoja mmoja kwa kompyuta ilikuwa kazi kubwa. Basi Jake Lunt Davies akabuni kiumbe kinachokaa palepale walipokaa, wakakiita porg, na mwaka 2017 porg wakapendwa kuliko baadhi ya mashujaa. Nilipomweleza mpwa wangu, hakuvutiwa na werevu wa mbunifu. Alichokiokota ni kwamba mahali ndipo palipochagua. Siku iliyofuata aliamka alfajiri, akavaa viatu, akaniamsha.

Tulitembea nyuma ya mji kuelekea vichakani, kabla jua halijawa jua la Masalani. Chini ya miti iliyopukutisha, majani makavu yalikuwa kama biskuti. Kila hatua yangu ilisikika mpaka ng'ambo ya mto Tana, nadhani. Yeye akainama na kunionyesha. Katikati ya majani palikuwa na kijinjia chenye upana wa vidole vitatu hivi, udongo mtupu, safi, kikipita chini ya kijiti kimoja na kuzunguka jiwe, kana kwamba mtu amekipitishia ufagio mdogo sana.

Sikumwona mwenye njia, na siwezi kuapa alikuwa nani. Mpwa wangu alikuwa ameshasoma na ameshasadiki. Ni sengi, ambaye wengine humwita sange: kijinyama chenye pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba kama njiti za kiberiti, na katika aina ya maeneo makavu, uzito wa gramu 50 hadi 60 hivi. Ile sukari! Watu wamezoea kumfananisha na panya, lakini ukoo wake ni wa ndovu, pimbi, muhanga na nguva. Mtafiti Galen Rathbun alimfuatilia huko Kibwezi katika miaka ya 1970, akaeleza jinsi anavyoishi kwa njia zake: anazo nyingi katika eneo lake, anazijua zote, na kila siku huzipitia akifagia majani na vijiti kwa miguu ya mbele, ili siku ya kukimbia asijikwae. Mwanawe hana siku za upofu kitandani. Huzaliwa macho wazi na manyoya mwilini, na baada ya muda mfupi anakimbia.

Jamaa yake wa karibu, sengi wa Kisomali, alikuwa na sifa ya kupotea. Wanasayansi hawakuwa na kumbukumbu yake tangu mwaka 1968, mpaka mwaka 2019 kundi lililomjumuisha Houssein Rayaleh wa Jibuti lilipotega mitego zaidi ya 1,000 yenye siagi ya karanga, oti na hamira, wakampata. Habari ikatangazwa mwaka 2020. Wenyeji wa Jibuti walikuwa wakimwona siku zote, wakimtaja kwa pua yake: sandheer. San ni pua.

Nilipolisikia neno hilo nikakaa kimya. Dhegdheer na Sandheer. Sikio refu na pua ndefu. Mtu angedhani jina lilitungwa makusudi likangoja mahali pake.

Waandishi wengi wangesimama hapo, wakishukuru Mungu, wakachora picha. Yeye alikuwa na swali. Daftarini, chini ya neno Sandheer, hakuna mstari mwekundu. Kuna alama ya kuuliza iliyokolezwa mara nyingi. Sengi akiingiwa na hofu hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma, haraka haraka, kama vidole juu ya meza. Sasa afanye nini? Huyu ndiye anayewafagilia wasichana njia usiku, wakanyage udongo usiolia. Ndiye wa kwanza kuwafaa kweli katika nchi ya masikio. Na ndiye mwenye mwili unaopiga ngoma wenyewe nyoka akipita. Nilimshauri aifute tabia hiyo; ni hadithi, nani atajua?

"Nitajua mimi," akasema. Halafu baada ya muda: "Abti, hawezi kujizuia. Hadithi iko hapohapo."

Na iko hapo kweli. Nimeisoma sura ya mwisho aliyoiandika. Wasichana wanafika ukingo wa bonde, kijinjia kimefagiliwa mbele yao, na katika pindo la garbasaar, msichana mdogo anahisi gramu 60 zikianza kutetemeka. Hawajui ni nyoka, ni fisi, au ni yeye. Mkubwa anatandaza kiganja chake ardhini, ili miguu ile midogo ipige nyama badala ya udongo. Sentensi hiyo aliiandika mara sita. Mara ya tano palikuwa na maelezo ya maumivu, mara ya sita ameyaondoa.

Nilimsomea mama yangu kwa Kisomali. Hakusema ni nzuri. Alisema Dhegdheer hakuwa na mnyama wowote, yeye aliipokea hivyo kwa mama yake, naye kwa mama yake. Kisha akaomba chai.

Juma lililopita nilikuwa Masalani tena. Umeme ulikuwa umekatika, na watoto walikuwa wamejilaza kuzunguka mkeka wa mama yangu, akiwasimulia. Akafika pale wasichana wanapoanza kukimbia, pale ambapo kwa miaka yote huvuta pumzi na kuendelea. Safari hii alinyamaza, akaunyoosha mkono gizani, na kwa ncha za vidole akagonga mkeka, haraka haraka, mara moja tu.

"Ayeeyo, hiyo ni nini?" akauliza aliye mdogo kuliko wote.

"Nyamaza," akamwambia. "Atakusikia."